Kumbukumbu za familia zisiishie kwenye flashi feki

Zamani mgeni akifika nyumbani, kabla soda haijafunguliwa, aliletewa albamu. Ilikaa chini ya meza ya sebuleni, imejaa picha za harusi, za ubatizo au maulidi, za watoto wakiwa na sare mpya, na lazima kulikuwa na moja ya mzee akiwa kijana, amevaa suruali pana ya miaka ya sabini. Picha ikififia ilififia polepole. Hata ikiliwa pembe na mende, bado sura ilionekana.

Siku hizi sebule nyingi hazina albamu. Kumbukumbu zimehamia kwenye simu, na simu ikijaa zinahamishiwa kwenye flashi. Flashi yenyewe inakaa ndani ya kikombe kilichovunjika mkono, juu ya kabati la vyombo, pamoja na funguo zisizojulikana ni za wapi, betri za rimoti na risiti za LUKU. Humo ndimo ilimo harusi ya kaka mkubwa, cheti cha kuzaliwa cha kitindamimba, matokeo ya kidato cha nne, picha ya hati ya kiwanja, na pengine picha za CT za mama mzazi. Ukiuliza ilinunuliwa wapi, hakuna anayekumbuka. Ukiuliza kama kuna nakala nyingine, watu wanatazamana.

Familia moja ya Tanga, watoto watano waliotawanyika kati ya Tanga mjini, Dar es Salaam, Mwanza na Muscat, iliyajua haya baada ya msiba wa baba yao. Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha na majirani kuondoka, dada mkubwa ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alitoa wazo kwamba kila mwenye picha, video au sauti ya mzee aitoe, vyote viwekwe mahali pamoja. Mzee hakuwa mtu wa kuandika, alikuwa mtu wa kutuma sauti. Kila baada ya sala ya alfajiri alishika simu na kumtumia huyu au yule ujumbe wa WhatsApp: kuuliza kama mjukuu amepona kikohozi, kumkumbusha kijana wake wa Mwanza kwamba hajampigia shangazi yake mwezi mzima, kulalamikia bei ya mbolea. Ujumbe mmoja wa dakika 4 ulikuwa na uzito wa peke yake. Ndani yake alieleza mpaka wa shamba la Muheza, unaanzia kwenye mwembe upi, unapita wapi, na jirani yupi aliyekuwepo siku ulipopimwa.

Kitindamimba, anayeishi Mbagala, akapewa kazi ya kununua chombo. Akaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Katika duka la kwanza alionyeshwa diski ya nje, ile ambayo mtaani huitwa eksteno, ya TB 1. Bei ilimfanya acheke kwa uchungu. Hatua chache mbele, kijana aliyepanga bidhaa juu ya meza ndogo pembeni mwa barabara akamwita: "Dada yangu, usiumie bure. Hii flashi ya TB 2, orijino kabisa, nakuachia kwa elfu ishirini na tano." Ilikuwa ya chuma, inang'aa, ina jina la kampuni inayojulikana dunia nzima. Ilipochomekwa kwenye kompyuta ya duka la jirani, ikaonyesha TB 2 kweli. Akalipa, akaona ameokoa fedha ya familia.

Kwa wiki kadhaa vitu vikaingia. Dada mkubwa alileta video ya harusi ya mwaka 1998, iliyokuwa imetolewa kwenye mkanda wa VHS; mkanda wenyewe, kwa kuwa ulikuwa umeota ukungu, ukatupwa. Shemeji yao, muuguzi, akaleta CD yenye picha za CT za mama, kwa sababu kompyuta mpya karibu zote hazina tena mahali pa kuingizia CD. Faili zikanakiliwa, kompyuta haikulalamika hata mara moja. Ili kupata nafasi kwenye simu, kitindamimba na kaka zake wawili wakafuta walivyokuwa navyo.

Ilipofika Idi, kaka wa Mwanza akaomba ule ujumbe wa shamba, maana jirani alikuwa ameanza kusogeza uzio. Flashi ikafunguliwa. Folda zote zipo. Majina yote yapo, hata ukubwa wa kila faili umeandikwa. Faili za mwanzo zilifunguka vizuri. Baada ya hapo, kila walichobofya kilijibiwa kwamba faili imeharibika.

Fundi waliyempelekea alikuwa mkweli. Aliwaambia hakuna cha kuokoa kwa sababu vitu vile havikuwahi kuhifadhiwa. Ndani ya ganda lile la chuma mlikuwa na kijichipu cha GB chache tu, na kando yake kidhibiti, yaani ule ubongo mdogo wa flashi unaozungumza na kompyuta, kilichofundishwa kudanganya. Kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani, kinajibu TB 2. Ikiandika faili, kinaitikia kwamba imepokelewa. Nafasi ya kweli ikishajaa, vinavyofuata vinaandikwa juu ya vya zamani au vinatupwa hewani. Majina yanabaki kwa sababu orodha ya faili hukaa mwanzoni mwa chipu, sehemu ambayo ni ya kweli. Ni kama karani wa ghala anayeandika kila gunia kwenye daftari huku ghala lenyewe limejaa tangu juzi.

Kilichopona kilipona kwa bahati. Dada wa Muscat ni mtu asiyefuta kitu, wenzake humcheka kwa hilo, na kwenye simu yake ule ujumbe wa shamba ulikuwepo, kwa kuwa mzee alimtumia naye. CD ya CT ilikuwa bado kwenye bahasha ya hospitali kabatini kwa shemeji. Harusi ya 1998 haikupona, wala video za Idi ya mwisho ya mzee.

Udanganyifu huu ni mkubwa na wa miaka mingi, na hauko Kariakoo peke yake. Uko Luthuli Avenue jijini Nairobi, na uko kwenye maduka ya mtandaoni ambako mnunuzi haoni hata sura ya muuzaji. Dawa yake ya kwanza ni kujua kipi hakiwezekani. Mwaka 2000, IBM ilipoanza kuuza flashi, ilikuwa ya MB 8, nafasi ya picha mbili tatu za simu ya leo. Ilipofika 2017 kampuni ya Kingston ikatoa flashi ya TB 2, nene kuliko flashi za kawaida na ghali sana. Kwa hiyo flashi ya TB 2 ipo duniani, ila haiuzwi kwa elfu ishirini na tano. Vilevile diski ndogo ya "SSD" iliyoandikwa TB 16 kwa bei ya viatu vya shule ni chipu ya flashi iliyofichwa ndani ya boksi kubwa, na baadhi ya walioyafungua maboksi hayo wamekuta kipande cha chuma kimewekwa humo ili kuongeza uzito.

Njia nyepesi ya kupima bei ni kugawanya. Chukua bei, gawanya kwa idadi ya GB, kisha fanya hivyo hivyo kwa bidhaa ya ukubwa huo huo katika maduka matatu tofauti yenye mlango na risiti. Tofauti ya elfu tatu au tano ni ya kawaida. Ukikuta moja inauzwa kwa robo ya bei ya nyingine, huyo muuzaji hakupendi kuliko wengine.

Jambo jingine linalowachanganya watu halina udanganyifu wowote. Ukinunua flashi halali ya GB 64, kompyuta ya Windows itaonyesha karibu GB 59.6, na diski ya TB 1 itaonyesha GB 931. Watengenezaji wanahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024, basi. Kuna watu wamerudi dukani kugombana kwa hilo na kumwonea muuzaji wa watu.

Swali la msingi kuliko jina la kampuni ni la kazi: kitu hiki kinaenda kufanya nini? Daktari hampi kila mgonjwa dawa moja, na hapa pia kuna aina tatu zenye tabia tofauti.

Flashi ni ya kubeba. Unatoa kitu hapa, unakipeleka pale: steshenari kuprinti barua, kwa MC anayehitaji nyimbo, kwa fundi wa video. Ndani yake data hushikiliwa kwa chaji ndogo za umeme zilizonaswa kwenye vijumba vya chipu. Chaji hizo huvuja polepole sana, na joto pamoja na uchakavu huharakisha kuvuja huko. Ndiyo maana kuweka kumbukumbu za ukoo kwenye flashi moja, ukaifungia kabatini miaka 10, ni kamari. Kwa kazi ya kubeba, flashi ya GB 32 au 64 ya kampuni inayojulikana, kama SanDisk, Kingston, Samsung, Transcend au Lexar, inatosha familia nyingi. Kampuni hizo hizo ndizo zinazoigwa zaidi, kwa hiyo jina kwenye ganda peke yake si ushahidi.

Diski ya nje ya kuzunguka, HDD, ndiyo yenye nafasi kubwa kwa fedha kidogo. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, nyingi kati ya hizi ndogo za kubeba zikizunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea kikiwa karibu mno na sahani, umbali mdogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Sasa fikiria diski hiyo iko juu ya stuli, waya wake umekatiza njia, na mtoto wa miaka mitatu anakimbia. Nyingi zinakufa hivyo, zikiwa kazini, kwa kuanguka urefu wa meza. Ikiwa imezimwa inastahimili zaidi, lakini hata hapo si kitu cha kurusha ndani ya begi. Sifa yake ni kwamba kwa TB 1 au 2 za picha na video za familia, hakuna kinachoishinda kwa bei. Kampuni zinazotengeneza diski hizi duniani zimebaki tatu tu: Seagate, Toshiba na Western Digital. Boksi linaweza kuwa na jina jingine kabisa, lakini kilichomo ndani kimetoka kwa mojawapo.

SSD ya nje haina kinachozunguka, ni nyepesi, ina kasi na inavumilia kuanguka. Bei yake kwa kila GB ni kubwa kuliko ya HDD. Kwa mtu anayefanya kazi ya video kila siku inalipa. Kwa familia inayotaka kuweka picha na kuzitazama mara mbili kwa mwaka, fedha hiyo ingefaa zaidi kununua HDD mbili.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanatafuta diski moja imara isiyokufa. Haipo. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayohifadhi data za watu kwenye maelfu kwa maelfu ya diski, huchapisha takwimu zake wazi, na kwa miaka ya karibuni kati ya kila diski 100 moja hadi mbili hufa kwa mwaka. Hizo ziko kwenye vyumba vyenye ubaridi, umeme usiokatika na wataalamu, mbali na sebule ya Mbagala yenye feni na watoto. Kwa hiyo diski mbili za kawaida, zenye vitu vilevile na zinazokaa nyumba mbili tofauti, ni salama kuliko diski moja ya bei mbaya.

Watu wa picha wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Familia ile ya Tanga, safari hii wakichangishana kwenye kundi la WhatsApp kama wanavyochangia harusi, ilinunua HDD mbili za TB 1 dukani, kwa risiti ya EFD. Moja ipo kwa dada mkubwa Tanga, nyingine Mbagala. Faili chache za thamani zaidi, sauti ya shamba ikiwa ya kwanza, zimepandishwa pia mtandaoni. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure. Ule wakati wa kuweka picha bila kikomo ulikwisha Juni 2021. GB 15 hazitoshi harusi, lakini sauti, vyeti na hati za familia nzima zinaingia na nafasi inabaki. Video nzito ziache kwenye diski, maana bando la kuzipandisha linaweza kuzidi thamani ya diski yenyewe.

Dukani, boksi lifunguliwe mbele yako. Uliza dhamana ni ya muda gani na inatolewa na nani, duka au mtengenezaji. Ijulikane mapema kwamba dhamana hurudisha diski mpya, hairudishi harusi yako. Kwa HDD kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana: diski iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato ya zamani, ikavalishwa ganda jipya na kuuzwa kama mpya. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha diski imekuwa ikiwashwa kwa saa ngapi na afya yake ikoje. Diski mpya yenye saa 14,000 si mpya, hata kama nailoni yake bado inanata.

Ukifika nyumbani, kabla hujaweka hata picha moja, ipime. Kwenye Windows iko programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac iko F3, zote za bure. Kazi yake ni kuijaza flashi yote kwa data ya majaribio, kisha kuisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Flashi ya uongo haina pa kujificha. Inachukua muda: flashi ya GB 64 inayoandika kwa MB 10 kila sekunde itahitaji karibu saa 1 na dakika 45 kujaa, kabla ya kuanza kusomwa. Iache ifanye kazi wakati mnapika. Asiyejua kuiendesha amwombe kijana wa steshenari, au anakili video kubwa mpaka flashi ijae, kisha afungue za mwanzo, za katikati na za mwisho. Muhimu ni kufanya hivyo siku ileile, risiti ikiwa bado mkononi na muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Kasi nayo inauzwa kwa maneno. Tundu la USB 3 mara nyingi lina plastiki ya buluu ndani, na kiwango chake cha juu ni zaidi ya mara kumi ya USB 2. Lakini flashi ya bei ya chini yenye buluu hiyo inaweza kusoma haraka na kuandika kwa mwendo wa kobe. Kunakili GB 200 kwa MB 10 kila sekunde ni saa tano na nusu. Kwa MB 100, mwendo ambao HDD nyingi za USB 3 huufikia, ni kama dakika 33. Kwa nyimbo za MC haina maana. Kwa mtu anayetaka kumaliza kabla umeme haujakatika, ina maana kubwa, hasa kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri.

Kisha kuna ile kero ya "faili ni kubwa mno" wakati flashi bado ina nafasi tele. Flashi nyingi ndogo huja zikiwa zimefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia GB 4. Video ya harusi huvuka hapo kirahisi. Ukiifomati kwa exFAT tatizo linakwisha, na Windows na Mac zote zitaisoma na kuiandika. Baadhi ya televisheni za zamani hazitaitambua, basi kwa ajili ya bibi anayetaka kuiona harusi sebuleni, tenga flashi moja ndogo ya FAT32 na mkate video vipande. Kumbuka kufomati hufuta kila kitu.

Kwa wanaokaa pwani, chumvi na unyevu ni maadui wa kila siku. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu au mikoba, ambavyo huwa tunavitupa, viwekwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na diski. Isikae juu ya friji, isikae dirishani, na isiachwe kwenye dashibodi ya gari mchana. Mara moja kila baada ya miezi sita ichomekwe, ifunguliwe, zitazamwe faili chache za kila folda. Familia ile imechagua Idi zote mbili, maana ndipo wanapokutana.

Steshenari inahitaji maneno yake. Flashi inayoingia kwenye kompyuta ya watu 50 kwa siku hukusanya virusi kama daladala la asubuhi linavyokusanya mafua. Dalili maarufu ni folda kugeuka njia za mkato zisizofunguka. Mara nyingi vitu vyako havijafutwa, vimefichwa tu, na anayejua ataviondolea maficho. Kwa hiyo flashi ya kuprintia iwe ya kuprintia peke yake. Ile yenye hati ya kiwanja isiende steshenari kamwe.

Picha za hospitali zina sababu ya kuangaliwa tofauti na picha za harusi. Mama wa familia ile alipoitwa kwa uchunguzi wa marudio, daktari aliuliza kitu cha kwanza: za mwanzo ziko wapi? Kivimbe kidogo kwenye pafu hakisemi mengi kikitazamwa siku moja. Kikilinganishwa na kilivyokuwa mwaka uliopita, ndipo inajulikana kama kimekua, kimepungua au kimekaa vilevile, na matibabu hufuata jibu hilo. Picha ya simu iliyopigwa kwenye filamu iliyobandikwa dirishani haitoshi. Faili halisi za CT, zinazoitwa DICOM, humruhusu daktari kubadili mwanga ili aone mfupa, kisha pafu, kisha nyama, kutoka kwenye picha ileile. Slaidi moja ya CT ina karibu nusu ya MB, na uchunguzi mmoja unaweza kuwa na mamia ya slaidi, kwa hiyo uchunguzi wa slaidi 500 unachukua karibu MB 250. Flashi ndogo kabisa inayouzwa leo inazimeza. Nakili folda nzima kama ilivyo kwenye CD, usichague faili wala usibadili majina, maana bila mpangilio wake programu ya hospitali inaweza kushindwa kuzisoma. CD nayo usiitupe.

Lakini ndani ya folda hiyo mna jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na hata bila sheria, hakuna anayependa ugonjwa wa mama yake usomwe na kijana aliyeokota flashi kwenye kiti cha daladala. Flashi inayotembea na vitu kama hivyo ifungwe kwa nenosiri. Windows za toleo la Pro zina BitLocker kwa kazi hiyo, na hata kubana folda kwa 7-Zip yenye nenosiri kunasaidia. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi na likae kwenye faili la nyaraka za nyumba, mtu wa pili akijua lilipo. Zipo familia zilizobaki na diski nzima, haina hata mkwaruzo, na aliyejua nenosiri lake amezikwa nalo.

Na siku diski ikianza kugonga tik-tik, au flashi ikidai ifomatiwe ndipo ifunguke, acha hapohapo. Usibofye ndiyo, usiichomoe na kuichomeka mara ishirini, na ile habari ya kuiweka kwenye friza waachie waliotunga. Kila dakika ambayo diski ya aina hiyo inazunguka, kichwa kinaweza kuwa kinakwangua sahani. Kuokoa data ni kazi ya mafundi wachache wenye vifaa, na gharama yake mara nyingi huzidi bei ya diski mbili mpya, kwa hiyo uliza bei kabla haijafunguliwa. Fundi anayeijua kazi ataanza kwa kukuuliza kilichomo, ilianguka au la, na nini kimefanyika tangu hapo. Anayeanza kwa kusema "tuifomati kwanza", mshukuru, chukua diski yako na umuage.